Sahani Hairudi Tupu: Jinsi ya Kutengeneza Gemu Yenye Maana Bila Kuhesabu Pointi

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu ya Ramadhani ilikuwa kubeba sahani. Jua likianza kushuka, bibi hunipa sahani ya bati ya buluu yenye ua jeupe katikati, ameifunika kawa, nami hushuka ngazi, nikapita chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, nikakata pembe mbili za mtaa wa Langoni hadi kwa jirani yetu mmoja, bi mkubwa aliyeishi peke yake. Huipokea, huingia nayo ndani, kisha hunirudishia sahani ileile ikiwa na chake: kaimati siku moja, mkate wa mofa siku ya pili, na siku aliyokosa kabisa, tende tatu. Sahani hairudi tupu. Mwaka ule, katika kumi la kati, nilibisha na mlango haukufunguka. Nilikaa dakani, kwenye baraza ya mlango wake, na viazi vya nazi mkononi mpaka ikaadhiniwa na sahani ikapoa, ndipo watu wazima wakaja kuusukuma mlango.

Nimetengeneza gemu ndogo kuhusu mlango ule. Huchukua dakika saba kuicheza. Haina pointi, haina kufa na kuanza upya, haina jitu la kupigana nalo mwishoni. Niliitengeneza mara tatu kabla haijakaa, na makosa ya mara mbili za mwanzo ndiyo yaliyonifunza haya ninayoyaandika. Nafundisha watoto kompyuta hapa Lamu, jioni wakishatoka chuoni, yaani madrasani, darini kwetu, kwa laptopu nne za mitumba. Kila anayeanza huniuliza lilelile: "Mwalimu, kama hakuna pointi, itakuwa gemu kweli?"

Swali hilo limewashughulisha watu wazima pia. Mwaka 2010 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago, aliandika kwamba gemu za video haziwezi kuwa sanaa, na moja ya hoja zake ilikuwa hii: gemu ina kushinda, ina kanuni, pointi, malengo na matokeo. Mwaka 2012 jumba la sanaa la MoMA, New York, likaingiza gemu 14 katika hazina yake. Mabishano yaliyofuata yalikuwa marefu nami sitayarudia. Nataka kukuonyesha namna ya kuamua, ukiwa na gemu yako mwenyewe mbele yako, kipi kibaki na kipi kiondoke.

Anza na kitenzi

Kabla hujafungua kompyuta chukua karatasi, uandike sentensi moja inayoanza na "Mchezaji ana..." na uimalize kwa kitenzi kimoja. Wanafunzi wangu huandika hadithi: gemu yangu inahusu vita vya Shela, gemu yangu inahusu jini wa Takwa. Sawa, lakini kidole cha mchezaji kinafanya nini muda wote huo? Kitenzi changu kilikuwa "anabeba". Nilichagua hicho kwa sababu jioni ile naikumbuka kwa mikono: uzito wa sahani, joto lake, na kule kushindwa kuiweka chini.

Kijana mmoja wa miaka kumi na minne alitaka gemu kuhusu babake mvuvi. Akaandika "anavua". Tukakaa nayo siku mbili, akachora ngisi, akachora kamba, akachora mashua, na kila alichochora kilikuwa kizuri na hakikuwa na uhai. Mwisho nikamuuliza yeye mwenyewe hufanya nini baba akiwa baharini. "Namngoja gatini." Basi kitenzi ni "anangoja", na gemu nzima ikageuka: hakuna ngisi, kuna mtoto gatini, kuna mashua zinazorudi moja moja, na hakuna hata moja kati yake iliyo ya babake, mpaka ya mwisho. Hiyo ni gemu ninayoionea wivu.

Kama maana yako yote inaweza kusemwa bila mkono kufanya lolote, iandike shairi. Sisi huku hatuna upungufu wa mashairi. Aliyetunga Al-Inkishafi alitutembeza ndani ya majumba ya Pate yaliyobomoka kwa maneno matupu, na hakuna kitufe ambacho kingemsaidia.

Iulize pointi inasema nini

Usiondoe pointi kwa kusikia tu kwamba gemu za sanaa hazina pointi. Huo ni mtindo kama mitindo mingine. Namba iliyo pembeni ya skrini ni maneno: kila nukta inamwambia mchezaji kwamba hiki hapa ndicho chenye thamani. Ikiwa unachosema ndicho hicho, iache. Ikiwa unasema jambo jingine, namba itakukanusha, na mchezaji ataiamini namba.

Itazame Passage ya Jason Rohrer, ya mwaka 2007. Ni utepe mwembamba wa pikseli 100 kwa 16, na dakika tano za kucheza. Unatembea, unazeeka, unakufa. Ukimgusa mwanamke anayekusubiri karibu na mwanzo anakuwa mwenzi wako, na kuanzia hapo mnatembea wawili, kwa hivyo vichochoro vyembamba vinavyoficha masanduku ya hazina hamvipiti tena. Na pointi zipo! Ziko pale juu pembeni, zinapanda. Rohrer aliziacha makusudi, kwa sababu dakika ya tano ikifika unaliona kaburi, na namba iko palepale imekaa kimya. Ukiziondoa pointi kwenye Passage umeivunja.

Au Papers, Please ya Lucas Pope, ya mwaka 2013. Wewe ni mkaguzi wa pasipoti mpakani. Unalipwa kwa kila mtu unayemhudumia, na jioni fedha hizo zinagawanywa: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa. Hapo pointi ni mkate wa watoto wako, na ndiyo maana unapomrudisha mama wa watu kwa kukosa karatasi moja unajihisi vibaya: umefanya hesabu ukamwona ni hasara. Brenda Romero alikwenda mbali zaidi mwaka 2009 katika Train, mchezo wa mezani. Wachezaji wanawapakia watu wadogo katika mabehewa na kushindana kuyafikisha, na anayefika kwanza anafunua kadi ya kituo, anakuta imeandikwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kushinda kwenyewe ndiko jeraha. Mtu anayesema sanaa na ushindi havikai chungu kimoja na aukabili mchezo huo.

Upande wa pili kuna September 12th ya Gonzalo Frasca, ya mwaka 2003. Unaona mji wenye soko, watu wa kawaida, na magaidi wachache kati yao. Una kombora. Ukilirusha linachelewa kidogo kufika, linaua na wasiohusika, wanaowalilia wanageuka kuwa magaidi wapya. Hakuna kushinda na hakuna kushindwa, na Frasca anakuambia hivyo kabla hujaanza. Hapa pointi zingekuwa uongo, maana zingeahidi kwamba kuna idadi ya makombora itakayotosha.

Nikiwaeleza watoto haya hutazamana, basi nawarudisha kwenye michezo ya kwetu. "Kitendawili!" Wanaitika: "Tega!" Wakishindwa nasema "Nipeni mji," wananipa Mombasa, nami naanza: nimekwenda Mombasa, nikala, nikanywa, nikaona hili na lile, jibu ni hili. Mji ni tuzo. Lakini ni nani aliyewahi kuhesabu miji mwisho wa usiku? Mji unatolewa ili aliyetega apate pa kupitisha ulimi wake, asafiri mbele yetu kidogo kabla ya kufumbua. Wala bao la Kiswahili halina pointi. Mashimo 32, kete 64. Kila mmoja huanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, na anayekaukiwa safu yake ya mbele amefungwa. Kuna mshindi, ndiyo. Lakini wazee wa Mkunguni hapa Lamu wakisimuliana bao la jana husimulia mtaji mmoja, yaani zamu moja ya kula kete, kete zilivyozunguka na mwenzao alivyonyanyua mkono akaurudisha. Aliyefunga hutajwa mwisho, tena ikiwa imeulizwa.

Nilivyokosea mara mbili

Toleo langu la kwanza lilitoa pointi kumi kwa kila sahani iliyofika kabla ya adhana, na juu kulikuwa na saa inayorudi nyuma. Nilitaka mchezaji apate ule mbiombio wa kabla ya magharibi, mji mzima unapokwenda haraka na kila mtu ana kitu mkononi. Nikampa mtoto wa binamu yangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa vidole. Kwa jioni mbili za kwanza za gemu aligundua kwamba hana haja ya kusoma, akawa anabonyeza kuyaruka maneno ya kila mtu. Jioni ya tatu alifika kwenye mlango ule. Akabonyeza mara nne. Akageuka akaenda nyumba nyingine.

"Umeionaje?"

"Nimepata mia mbili na arobaini."

"Na ule mlango?"

"Shangazi, ule mlango haufanyi kazi. Utengeneze."

Alikuwa amesema kweli kulingana na gemu niliyompa. Namba yangu ilikuwa imemwambia kwamba sahani iliyofika ndiyo yenye thamani, na mtu aliyekufa, kwa hesabu hiyo, ni mlango mbovu. Nililala vibaya usiku ule.

Basi nikafuta kila kitu. Toleo la pili lilikuwa na vichochoro, watu wa kuzungumza nao, na mlango. Hakuna saa, hakuna pointi, na sahani nayo ikageuka kuwa maneno tu: "Umebeba sahani." Nilimpa mwalimu mwenzangu, mtu msomaji, mwenye subira. Alifika chumba cha tatu akaniangalia. "Sasa nifanye nini?" Nikamwambia tembea tu. Alitembea kidogo kwa kunihurumia.

Kosa hili ndilo ninaloliona zaidi kwa wanaotaka kutengeneza gemu za maana, kwa hivyo nitakaa nalo. Pointi na kazi ya mkono ni vitu viwili. Nilipozing'oa pointi niling'oa na mzigo, nikabaki na mtu anayetembea bila sababu ya kutembea. Utaniambia kuna gemu za kutembea tu na ni nzuri. Zipo. Lakini zichunguze. The Graveyard ya mwaka 2008, ya Tale of Tales, wasanii wawili walioishi Ubelgiji, ina bibi kizee anayetembea njia ya makaburini hadi kwenye benchi, anakaa, wimbo unaimbwa, anaondoka. Toleo la kulipia lina nyongeza moja tu, kwamba huenda akafa. Lakini jaribu kumgeuza yule bibi! Hatua zake ni nzito, anachechemea, na unauhisi umri wake katika kidole chako mwenyewe. Kutembea kwake ni kazi. Dear Esther, iliyoanza 2008 kama jaribio la chuo kikuu na ikatoka kamili 2012, hukutembeza kwenye kisiwa cha upepo huku sauti ikisoma vipande vya barua, na vipande hivyo hubadilika ukirudia kucheza. Kazi yako pale ni kuunganisha. Mikono imepumzika lakini kichwa kinafuma.

Kwa hivyo kabla hujafuta pointi, tafuta mchezaji atabaki na nini cha kushughulika nacho. Kama jibu ni "atafurahia mandhari", bado hujalipata.

Kilichochukua nafasi ya pointi

Mimi nilikipata jikoni. Nilikuwa namweleza mama toleo la pili, akaniambia jambo nililolijua utotoni bila kujua kwamba nalijua: bibi alikuwa akiisoma sahani. Ikirudi na kaimati husema, "Leo mguu haumuumi, amesimama jikoni." Ikirudi na mkate wa kununua husema, "Ana mgeni, hakupata nafasi." Zikirudi tende tatu hunyamaza, na kesho yake huongeza supu.

Hapo gemu ikapatikana. Katika toleo la tatu unabeba sahani hadi kwa bi mkubwa, unarudi nayo ikiwa na kitu, na bibi anakuambia kitu hicho kina maana gani. Jioni ya kwanza ni kaimati. Jioni ya pili ni tende tatu, na bibi hasemi neno. Mchezaji hapewi namba yoyote, amepewa habari, naye mwenyewe anaanza kuwa na wasiwasi. Jioni ya tatu anatembea haraka bila saa kumhimiza. Nimeliona hilo kwa macho yangu: watu huanza kubonyeza kwa nguvu zaidi wakikaribia ile pembe ya pili.

Hiyo ndiyo njia ninayokushauri. Fikiri mchezaji anapata nini baada ya kila tendo, na ukifanye kitu hicho kimsogeze kwenye maana. Kinaweza kuwa habari, kinaweza kuwa badiliko la chumba, kinaweza kuwa mtu anayekukumbuka jina. Katika Journey ya mwaka 2012, ya thatgamecompany, mwenzako unayekutana naye jangwani ni mtu wa kweli aliye mbali, humjui jina, hamwezi kuzungumza ila kwa mlio mmoja, na mkigusana mavazi yenu hupata nguvu ya kuruka. Waliotengeneza wangeweza kuandika "umepata pointi tano za urafiki". Walifanya kukaribiana kuwe na joto, basi.

Kuijenga kwa Bitsy

Natumia Bitsy, programu ya bure ya Adam Le Doux inayofunguka ndani ya kivinjari cha intaneti. Huhitaji kujua kuandika msimbo. Vitufe vyake ni vya Kiingereza lakini ni vichache, na watoto wangu huvikariri kwa jioni moja. Ukitaka maneno peke yake bila picha, tumia Twine, ya Chris Klimas, iliyotoka 2009. Nayo ni ya bure.

Kila chumba cha Bitsy ni vigae 16 kwa 16, na kila kigae unakichora kwa vinukta 8 kwa 8. Chora kwanza kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Umeme ukikatika kazi haisimami, na mtoto anayechora kwa penseli hufikiri kabla ya kufuta. Rangi ni tatu kwa kila chumba: ya nyuma, ya vigae, ya wahusika. Usilalamike. Rangi hizo ndizo zilizonipa saa yangu. Niliifuta ile saa ya kurudi nyuma, nikakipa kila chumba rangi iliyopungua mwanga kidogo kuliko cha kabla yake: nyumbani ni njano ya alasiri, kichochoro cha kwanza ni rangi ya chungwa, cha pili ni zambarau, dakani ni buluu nzito. Mchezaji anajua magharibi inakaribia kwa sababu giza linaingia.

Bitsy haijui kutembea polepole. Bonyezo moja ni kigae kimoja, basi. Ukitaka safari iwe ndefu, ipinde. Nilichora vichochoro vyangu vikizunguka kama vya kweli, na katika kimoja nikaweka punda amesimama katikati, ambaye huwezi kumpita mpaka urudi uzungukie nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza watu hukasirika. Mara ya tatu humtafuta.

Sahani ni kigeu, yaani jina linalobeba namba ambayo mchezaji haioni: sifuri mkono ni mtupu, moja unapeleka, mbili unarudisha. Maneno ya kila mhusika yanaulizia namba hiyo kabla ya kutoka. Ukipita kwa jirani wa kichochoroni ukiwa na moja, anakwambia wahi; ukiwa na mbili, ananusa. Jaza masharti hayo kwa uangalifu, ukikaa na karatasi yenye safu mbili, maana hapa ndipo gemu nyingi za wanafunzi wangu huvunjika. Mhusika anasema "asante" kabla hujampa chochote.

Kisanduku cha maneno huonyesha mistari miwili mifupi kwa wakati mmoja. Aliyezoea mizani ya mashairi atakuwa nyumbani kwake. Andika kama mshororo: neno likizidi, punguza. Mimi niliandika kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kwa sababu bi mkubwa hakuwahi kuniambia "njoo" maisha yake yote. Alisema "ndoo". Rafiki yangu wa bara alicheza, akafika pale, akaanza kutafuta ndoo ya maji chumbani. Niliwaza kubadilisha, nikakataa. Badala yake, jioni ya kwanza nilimfanya aseme "ndoo, ndoo ndani" huku mlango ukifunguka, na tangu hapo hakuna aliyepotea. Usiisafishe lugha ya watu wako ili gemu ieleweke. Panga tendo lieleze neno.

Mwisho uwe mwisho. Bitsy ina vigae vya mwisho: ukikikanyaga, maneno hutokea na gemu inafungika. Usiweke "Umeshinda". Usiweke hata "Pole". Nilijaribu sentensi sita pale, nikazifuta zote, nikaacha skrini ya buluu nzito yenye mlango.

Kuwapa watu waicheze

Kaa nyuma yao na unyamaze. Hili ni gumu kuliko kuchora. Mtu akikwama, mwache akwame kwa muda wa kutosha kwako kujua kama amekwama au anafikiri. Tazama mikono. Nilikuwa na alama zangu daftarini: wapi kidole kimesimama, wapi kimebonyeza kuruka maneno, wapi mtu ameegemea nyuma. Akimaliza usimuulize kama ameipenda, kwa sababu watu wetu wana adabu na jibu utalijua kabla halijatoka. Muulize gemu ilikuwa inahusu nini. Muulize alifanya nini mlangoni. Mmoja akikuambia mlango ni mbovu, gemu ndiyo mbovu. Wakikuambia watatu, usimtafute wa nne, rudi kazini.

Wape na wasiocheza gemu. Vijana wanajua gemu inavyopaswa kuwa, na ujuzi huo huwafanya watafute pointi hata pasipokuwepo. Mmoja aliniuliza kama punda ana siri. Wazee hawajui, kwa hiyo hukubali walichopewa. Bitsy hukupa faili moja ambalo unaweza kulituma kwa WhatsApp kama hati, likafunguliwa kwenye simu, na mchezaji husogea kwa kutelezesha kidole.

Wa mwisho kumpa alikuwa khalati yangu, dada yake mama, ambaye miaka ile alikuwa akiishi nasi. Alivaa miwani, akashika simu kwa mikono miwili. Alisoma kila neno kwa sauti. Bibi aliponyamazia zile tende tatu, naye alinyamaza. Jioni ya tatu alifika mlangoni, akatelezesha kidole mara moja, akangoja. Akatelezesha tena. Skrini ikabaki buluu. Akakaa nayo muda, kisha akaniuliza:

"Na sahani?"

"Sahani gani, khalati?"

"Hiyo uliyobeba. Imeishia wapi?"

Nikamwambia gemu inaishia pale. Akatikisa kichwa. "Haikuishia pale. Ulirudi nayo unalia, bibi yako hakukuruhusu kuiweka chini. Aliitia moto tena, akakwambia ipeleke msikitini, wapo wasafiri watakaofuturu. Nilikusindikiza mimi. Tulisimama mlangoni, mzee mmoja akaja akaipokea, akaturudishia sahani ina ndizi."

Sikuwa na kumbukumbu yoyote ya jambo hilo. Miaka yote nilikuwa nimeibeba ile sahani mpaka mlangoni, nikaiacha hapo.

Nilikitoa kigae cha mwisho dakani usiku uleule. Nikachora kichochoro kingine kinachorudi nyumbani, kisha kimoja cha kwenda msikitini, na msikiti wenyewe kwa vigae kumi na kimoja na taa inayopepesa kwa picha mbili. Rangi za chumba hicho bado nazitafuta, maana ni baada ya magharibi na giza limeshaingia, lakini mlango uko wazi na mwanga unatoka ndani.